Uzi: Umri wa tovuti wapandisha nafasi kwenye Google, au ni maneno ya wauzaji wa domeini?

Kaskazi

Assalaam aleikum wana jukwaa, na habari za kutwa.

Naleta jambo linalosumbua wenye biashara wengi hapa Mombasa: kampuni za utalii za Nyali na Bamburi, mawakala wa kutoa mizigo bandarini, maduka ya Biashara Street yanayotaka kuuza leso mtandaoni. Kila anayetaka kufungua tovuti aambiwa na muuzaji fulani kwamba domeini mpya (jina la anwani ya tovuti) haiendi popote, bora anunue iliyokwisha kutimiza miaka 10. Bei yake huwa mara kadhaa ya domeini mpya, na mnunuzi hapewi chochote cha kukagua isipokuwa tarehe ya usajili.

Naomba wanaoijua kazi hii watusaidie. Umri wahesabiwa kweli? Wahesabiwa kuanzia lini? Na tovuti changa ishughulikie nini miezi ya mwanzo? Tafadhali tupeane hatua za kufanya, maana maneno ya jumla yamejaa kila pahali.

FundiMakupa

Waaleikum salaam, Kaskazi. Kwanza tutenganishe umri wa aina tatu, kwa sababu watu huuchanganya na hapo ndipo muuzaji apatapo mwanya.

Upo umri wa usajili, yaani tarehe inayoonekana kwenye WHOIS, daftari la wazi la usajili wa domeini. Upo umri wa tovuti machoni pa Google, yaani tangu roboti yake ilipoona ukurasa wa kwanza au kiungo cha kwanza kinachoelekea huko. Na upo umri wa ukurasa mmoja mmoja. Domeini yaweza kusajiliwa 2009, ikakaa bila kitu hadi 2024. Kwenye WHOIS ni mzee, kwa Google imezaliwa juzi.

Google wenyewe walilijibu swali hili. Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kitengo cha kupambana na spamu, alieleza mwaka 2010 kwamba tofauti kati ya domeini ya miezi 6 na ya mwaka mmoja si kubwa. John Mueller mwaka 2019 alikata kabisa: umri wa domeini hausaidii kitu.

Mbona basi tovuti za zamani ndizo ziko juu? Kwa sababu ya vilivyokusanyika humo ndani. Chukua wakala wa forodha ambaye tovuti yake ina miaka 12. Magazeti yamemtaja, yumo kwenye orodha ya wanachama wa chama chao, wateja wamemwekea kiungo, na watu huandika jina la kampuni yake moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutafuta. Mwondolee hayo umwachie ile miaka 12 peke yake, hatafika hata ukurasa wa tano. Ni kama duka kongwe la Mji wa Kale: wateja huwafuata wenye duka, wakihama watu wahama nao, na kuta zabaki.

Hata hivyo muda una uzito kwa njia ya pembeni. Ahrefs, kampuni ya zana za kuchunguza utafutaji, walichunguza jambo hili mwaka 2017 wakakuta kwamba kurasa mpya zilizoingia kumi bora ndani ya mwaka mmoja, kwa walau neno moja la utafutaji, zilikuwa asilimia 5.7 tu. Kwa hiyo anayemwahidi mteja nafasi ya kwanza baada ya wiki tatu ampotosha, na anayesema haiwezekani kabisa kabla ya miaka mitano naye ampotosha.

BintTudor

Kaka FundiMakupa, nakuheshimu, lakini umeruka kitu kikubwa. Mei 2024 zilivuja nyaraka za ndani za Google, na humo mna kipengele kinachoitwa hostAge. Maelezo yake yasema wazi kwamba hutumika kuiweka spamu mpya pembeni wakati wa kutoa matokeo. Watu wa kazi hii wamekuwa wakisema tangu 2004 kwamba tovuti mpya hufungiwa kwa muda, na Google wakikana. Pia ipo hataza yao (patent) iliyowasilishwa mwisho wa 2003 na kuchapishwa 2005, ambayo yataja tarehe za domeini na hata muda uliobaki kabla ya usajili kuisha. Sasa twawezaje kusema umri hauguswi?

FundiMakupa

Dada BintTudor, nashukuru, hoja hiyo yafaa kujibiwa sawasawa.

Nyaraka ni za kweli, Google walikubali ni zao. Lakini soma tena maelezo ya hicho kipengele. hostAge huhesabiwa kutoka tarehe ya mapema zaidi ambayo ukurasa wowote wa tovuti hiyo ulionekana. Hiyo si tarehe ya WHOIS. Ndiyo ile tofauti niliyoanza nayo, na ndiyo inayoivunja biashara ya kuuza domeini zilizolala. Pili, kazi yake iliyotajwa ni kuzuia spamu changa. Hakuna mahali paliposemwa tovuti yaongezwa alama kwa kuwa nzee. Tatu, orodha ile yaonyesha data inayohifadhiwa, haionyeshi uzito wa kila kitu.

Kuhusu hataza, kampuni huandika ndani yake kila njia inayoweza kufikirika. Kuwemo humo si ushahidi kwamba yatumika.

Kwa anayejenga tovuti leo, tafsiri yake ni moja: usionekane kama spamu miezi ya mwanzo. Usimwage kurasa 800 siku ya kwanza zilizotengenezwa kwa kubadilisha jina la mtaa tu, "fundi friji Kisauni", "fundi friji Mtwapa", "fundi friji Changamwe", maneno mengine yote yaleyale. Usinunue furushi la viungo. Tovuti ya miaka 10 yenye kurasa za kweli yaweza kustahimili kosa kama hilo kwa muda. Changa haina cha kuitetea.

BintTudor

Hapo twakubaliana. Tofauti yetu imebaki ndogo: mimi nasema umri ni kizuizi cha mlangoni, wewe wasema si ngazi. Yote mawili yaweza kuwa kweli.

SevaNyali

Wakati mnajadili hayo, kurasa nyingi za tovuti mpya hata kwenye indeksi, yaani orodha ya kurasa ambazo Google huzitolea matokeo, hazimo, na lawama yapelekwa kwa umri. Kabla hujasema tovuti yako ni changa mno, kagua haya.

Ikiwa imejengwa kwa programu ya WordPress, fungua Mipangilio, sehemu ya Kusoma. Kuna kisanduku kinachoomba injini za kutafuta zisiiguse tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, kisha tovuti yazinduliwa nacho hivyohivyo. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kukitazama, kila mara. Kisha, kwenye dirisha la amri la kompyuta, andika `curl -I` na anwani ya ukurasa, utazame kama seva yatuma X-Robots-Tag, agizo kwa roboti, yenye noindex (ukurasa usiingizwe kwenye indeksi). Hilo halionekani ukifungua chanzo cha ukurasa kwenye kivinjari, ndiyo maana huwapita wengi. Halafu robots.txt, faili la maagizo kwa roboti. Kumbuka robots.txt huzuia kutambaa, yaani roboti kuja kuusoma ukurasa, haiondoi ukurasa kwenye indeksi. Ukizuia ukurasa humo na wakati huohuo ukauwekea noindex, roboti haitaiona hiyo noindex kamwe.

Jambo la pili ni anwani nne: http na https, yenye www na isiyo nayo. Chagua moja, nyingine tatu zielekezwe hapo kwa 301, yaani uelekezaji wa kudumu, kwa hatua moja tu. Nimeandika hatua moja makusudi, kwa sababu mnyororo wa http kwenda https kwenda www kwenda ukurasa wa Kiingereza ni wa kawaida mno, na kila kituo chaongeza kusubiri kwa mtu wa simu.

Search Console, zana ya Google ya mwenye tovuti, ithibitishwe kwa rekodi ya TXT kwenye DNS (mipangilio ya domeini kwa msajili wako), si kwa faili. Rekodi ya DNS hushika anwani zote nne na vikoa vidogo kwa pamoja. Peleka sitemap.xml, faili la orodha ya kurasa zako. Kikomo chake ni anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa, ambacho kwa tovuti za hapa hutakifikia. Usipoteze muda kujaza humo priority na changefreq (umuhimu wa ukurasa na mara unazobadilika), Google hawavitazami. Wanatazama lastmod, tarehe ya badiliko la mwisho, ikiwa husema kweli.

Baada ya hapo soma ripoti ya kurasa ndani ya Search Console. Ikisema ukurasa umegunduliwa lakini haujatambaliwa, Google wajua upo ila hawajaona haja ya kuja. Dawa yake ni viungo vya ndani kutoka ukurasa wa mwanzo na kiungo kimoja viwili vya kweli kutoka nje. Ikisema umetambaliwa lakini haukuingizwa, wamekuja, wamesoma, wakauacha. Hapo tatizo ni maandishi yenyewe au umefanana na ukurasa mwingine. Kubofya ombi la kuindeksiwa kila siku hakubadilishi hukumu hiyo.

MwanaLikoni

Niongeze upande ambao uchanga ni faida. Kuna maswali ambayo ukurasa mzee hushindwa kwa sababu ya uzee wake. Google walitangaza Novemba 2011 badiliko la kupendelea habari mpya, wakasema laigusa takriban asilimia 35 ya utafutaji. Si maswali yote, ni yale ambayo jibu lake hubadilika.

Mfano wa hapahapa. Mtalii auliza namna ya kufika Diani kutoka uwanja wa ndege wa Moi. Ukurasa ulioandikwa zamani wamwambia ashuke hadi kisiwani, apange foleni ya kivuko cha Likoni, avuke. Leo barabara ya Dongo Kundu yamfikisha pwani ya kusini bila kugusa kivuko. Tovuti changa yenye ramani ya barabara hiyo, majina ya pahali pa kupinda, na maelezo ya lini bado yafaa kupita Likoni, ina jambo ambalo yule mzee hana. Vivyo hivyo kwa treni: kurasa zinazomtuma abiria wa Nairobi kwenye stesheni ya mjini zimepitwa tangu 2017, kwani Madaraka Express yaondokea Miritini.

Na kwa mawakala wa magari: kanuni ya Kenya ya gari lisilozidi miaka 8 husogea kila Januari. Mwaka 2025 kiwango kilikuwa gari lililosajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Ukurasa unaobaki na mwaka wa zamani humpotosha mnunuzi mwenye pesa mkononi. Tia alama kwenye kalenda, wiki ya mwisho ya Desemba, ubadilishe maelezo na mifano ya hesabu ya ushuru. Anwani ya ukurasa iwe ileile. Usitengeneze ukurasa mpya wenye mwaka ndani ya anwani, kwa sababu kila mwaka utaanza upya bila viungo ulivyokwisha kupata.

Kuze_Digitali

Vipi kuhusu kubadilisha tarehe tu? Kuna programu-jalizi inayosogeza tarehe za makala zote zionekane za leo.

MwanaLikoni

Usiiguse hiyo. Mwongozo wa Google wenyewe wakutaka ujiulize kama wabadilisha tarehe ili ukurasa uonekane mpya na hali maandishi hayajabadilika kwa maana. Tena ukisogeza lastmod za kurasa zote kila usiku, wataacha kuiamini lastmod yako, na siku utakayobadilisha kweli hawatakuja haraka.

Mlango_wa_Papa

Nirudi kwa Kaskazi kuhusu kununua domeini iliyotumika. Si haramu, na mara nyingine yafaa, hasa ikiwa jina lafanana na biashara yako. Ila ikaguliwe kabla pesa haijatoka.

Anza na Wayback Machine ya Internet Archive, inayohifadhi nakala za kale za tovuti. Fungua mwaka kwa mwaka, usitazame ukurasa wa mwanzo tu, bonyeza na za ndani. Watafuta vipindi ambavyo tovuti ilibadilika ghafla: ilikuwa ya shule, mwaka uliofuata imejaa kamari au dawa, au maandishi ya Kijapani kwenye domeini ya Kenya. Pengo la miaka miwili bila nakala yoyote nalo lina maana yake.

Kisha andika `site:` na jina la domeini kwenye Google. Ikiwa tovuti iko hai, ina kurasa nyingi, na hakuna hata mmoja unaotokea, simama hapo. Tazama maneno yaliyobeba viungo vinavyoingia. Hoteli ya Shanzu haiwezi kwa kawaida kuwa na mamia ya viungo vilivyoandikwa jina la kasino. Kagua pia kama jina limo kwenye orodha nyeusi za barua pepe kama Spamhaus, maana utanunua domeini halafu ankara zako ziishie kwenye takataka za wateja.

La muhimu kuliko yote: adhabu iliyotolewa kwa mkono na Google haionekani kutoka nje. Huonekana ndani ya Search Console peke yake. Mwambie muuzaji akuongeze kama mtumiaji wa kusoma tu, ufungue ukurasa wa hatua za mkono na ule wa usalama. Akikataa bila sababu, achana naye.

Ujue pia tarehe ya WHOIS inavyofanya kazi. Domeini kama .com ikiisha muda, msajili aweza kuishikilia hadi siku 45, kisha siku 30 za kukombolewa kwa gharama zaidi, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Ikifutwa na mtu mwingine akaisajili, tarehe ya kuundwa yaanza upya. Ikinunuliwa mnadani kabla ya kufutwa, tarehe ya zamani yabaki. Ndiyo maana mbili zenye historia sawa zaweza kuonyesha umri tofauti. Kwa .ke, utafute kwenye WHOIS ya KeNIC, wasimamizi wa domeini za Kenya, na utaratibu wao ni wao.

Mwisho, tangu Machi 2024 Google wameandika wazi kwamba kununua domeini iliyoisha muda ili kutumia sifa yake kuinua maudhui duni ni spamu. Mfano wao mmojawapo ni tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi kugeuzwa ya kamari. Wanaoelekeza domeini nzima ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti mpya nao hawapati wanachotarajia: kurasa zisizohusiana zikielekezwa hapo, Google huzichukulia kama hazipo.

Kuze_Digitali

Ahsante sana. Mwenye .com ya miaka 9 akitaka kuhamia .co.ke, apoteza yote?

SevaNyali

Hapotezi akihama kwa mpangilio. Kila ukurasa wa zamani uelekezwe kwa 301 kwenye mwenzake mpya, mmoja kwa mmoja. Tumia zana ya kubadilisha anwani iliyomo Search Console, ambayo ishara zake hudumu siku 180. Uelekezaji uuache walau mwaka mmoja, na mimi ningeendelea kulipia .com bila kikomo, kwa sababu ukiiachia mtu mwingine ataichukua pamoja na viungo vyote ambavyo bado vyaelekea huko. Badilisha canonical (alama ya anwani rasmi ya ukurasa), viungo vya ndani, hreflang (alama ya lugha ya ukurasa) ikiwa una Kiswahili na Kiingereza, na anwani kwenye wasifu wa biashara wa Google.

Kosa linaloumiza ni kuhama domeini, kubadilisha sura ya tovuti na kubadilisha anwani za kurasa wiki moja. Nafasi zikishuka hutajua ni lipi lililosababisha. Hama kwanza, subiri namba zitulie, ndipo upake rangi.

Ila jiulize kama kuna haja. .co.ke huiambia Google tovuti ni ya Kenya, na yafaa muuzaji wa vipuri Kongowea. Hoteli inayotafutwa kutoka Ujerumani na Uingereza haina sababu ya kuacha .com.

BintTudor

Na kwa muuzaji wa vipuri huyo, ramani ya Google ndiyo njia fupi zaidi. Matokeo ya karibu, Google wasema, hupangwa kwa uhusiano na swali, umbali, na umaarufu. Umri wa domeini haumo. Wasifu wa biashara uliothibitishwa, aina kuu ya biashara iliyochaguliwa kwa usahihi, saa za kufungua zilizorekebishwa Ramadhani, picha za dukani zenyewe, na maoni ya wateja waliohudumiwa kweli. Usinunue maoni, wala usimpe mtu punguzo ili aandike.

SevaNyali

Kasi pia, kwa ufupi. Vipimo vya Google ni sekunde 2.5 kwa kitu kikubwa kuonekana, milisekunde 200 kwa kuitikia mguso, na 0.1 kwa kuyumba kwa ukurasa. Vyapimwa kwa watumiaji halisi wa siku 28, na asilimia 75 yao wawe ndani ya kiwango. Tovuti changa haina wageni wa kutosha, kwa hiyo ripoti itakuwa tupu. Hiyo si hitilafu. Tumia Lighthouse kwa sasa, zana ya kupimia iliyomo ndani ya Chrome. Tovuti za hoteli hukwamishwa na picha ya bahari ya MB 4 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera: ipunguze upana hadi pikseli 1600, iwe WebP (aina ya faili nyepesi ya picha), itabaki chini ya KB 300 mara nyingi. Na picha hiyo ya juu kabisa usiiwekee uvivu wa kupakia (lazy loading, picha kusubiri kupakiwa baadaye), kwa sababu ndiyo inayopimwa.

Kaskazi

Mmenisaidia mno, Mungu awalipe. Swali la mwisho: tovuti ikipanda wiki mbili za mwanzo kisha ikashuka, ni adhabu?

FundiMakupa

Kwa kawaida si adhabu. Tovuti mpya Google huikadiria, kwa kuwa hawana data yake, na makadirio yaweza kuwa juu au chini ya stahili. Data ikija nafasi zatulia. Adhabu ya mkono ungeiona kwenye Search Console.

Fuata hivi. Kwenye ripoti ya utendaji, tazama maonyesho (mara ukurasa ulipotokea kwenye matokeo) kabla ya mibofyo, maana maonyesho hutangulia. Linganisha siku 28 na 28 zilizotangulia, ukichuja maswali yenye jina la biashara yako uyaweke kando. Usilinganishe Agosti au Desemba na Mei kwa tovuti ya utalii, Mei ufukwe ni mtupu. Ripoti hiyo huhifadhi miezi 16, kwa hiyo thibitisha Search Console siku ya uzinduzi, hata kama tovuti ina kurasa tatu. Data ya kabla ya hapo haipatikani tena.